Kisigino cha Mkwe Wangu

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Siku ya harusi yangu nilimfokea mpiga picha mbele ya mchungaji. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba miaka saba niliishi ua mmoja na baba mkwe bila kumwinulia sauti hata mara moja, mjue nilijikaza kisabuni.

Mtanisamehe, jina lake silitaji. Kwetu Machame mkamwana hatamki jina la mkwe wake, hampi mkono, hakai naye benchi moja. Chakula unakiweka mezani, unarudi nyuma hatua mbili, unasema, "Karibu, baba," basi. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha hayo siku nilipoingia katika kihamba chao, shamba la ukoo la migomba na kahawa, na alipofariki hakuna aliyekuja kuniambia kwamba sasa yamelegezwa. Tukabaki wawili, mimi na mzee, kila mtu na upande wake wa ua. Mume wangu Isack alikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima: siku sita yuko juu, siku mbili yuko nyumbani, tena hizo mbili analala.

Mzee alikuwa mtanashati. Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili akitoka ndani kipara chake kinang'aa, uso unang'aa, mikono inang'aa. Miaka ile ya foleni, kabla sijaolewa, mafuta ya kujipaka yalipokuwa hayaonekani dukani, wengine tulienda kanisani tumepauka kama tumelala jivuni. Yeye alijipaka samli ya ng'ombe wake. Ibada ikianza nzi walikuwa wanamwacha mchungaji na kumfuata yeye, na yeye wala hajali, anaimba tu.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Maduka ya Kwa Sadala yakajaa vitu kwa ghafla: mafuta ya mgando yaliyopitia Tarakea kutoka Kenya, losheni za maji zenye harufu ya maua, na krimu za kung'arisha zilizowababua wasichana wetu mpaka wakawa na nyuso za rangi mbili. Mzee hakubabaika. Alinunua kopo kubwa la mafuta ya mgando yasiyo na harufu, akaliweka kwenye dirisha la chumba chake, akawa anajipaka kila asubuhi. Nilimwona kwa mbali na nikamsifu moyoni.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba alipaka panapoonekana tu.

Mwaka tisini na tatu akapatikana na kisukari. Mwaka uliofuata kidole gumba cha mguu wa kushoto kikaingia uchafu kwenye ufa mdogo tu wa ngozi, yeye hata hakusikia maumivu, na tulipofika hospitali Moshi mjini kidole kilikuwa hakifai tena. Wakakikata. Siku ya kumruhusu, daktari alimtazama usoni akamwambia, "Mzee, safari ijayo tunakata hapa," na akapitisha mkono wake chini ya goti. Alisema vile kama fundi nguo anayepima suruali. Nilitamani kumzaba kibao.

Aliyetuelewesha ni nesi, mama mmoja wa Kibosho aitwaye Martha. Alituweka kwenye benchi la ukutani, mzee mwanzo, Isack katikati, mimi nikasimama.

"Sukari imeikausha miguu yake," alisema. "Haitoi jasho tena. Ngozi ikikosa maji inapasuka, na ule ufa ndio mlango wa ugonjwa. Sasa mtaipaka mafuta kila siku, asubuhi na jioni. Lakini msipake ngozi kavu. Ninyi si mna migomba? Mkitandaza majani juu ya udongo mkavu mnapata nini?"

"Udongo mkavu uliofunikwa," Isack akajibu.

"Haya. Mnamwagilia kwanza, ndipo mnatandaza. Na mguu ni hivyo hivyo. Mafuta hayaleti maji, yanayazuia yasitoke. Oshea maji ya uvuguvugu, ya moto yanazidi kukausha. Sabuni kidogo. Kausha kwa kugusagusa, usisugue, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu ndipo upake. Katikati ya vidole pakauke kabisa, pale usipake. Na nyayo zitazamwe kila siku, maana yeye hasikii. Nyumbani anakaa na nani?"

Isack akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Yule mama alikuwa Mchaga mwenzetu, akaelewa, akamgeukia mzee.

"Nitafanya mwenyewe," mzee akasema. "Mimi si mtoto." Tulipokuwa tunatoka getini akaongeza, kama anaongea na fimbo yake, "Kidole nimeshakitanguliza kaburini. Mguu siutangulizi. Nitalala kwenye kihamba changu na vyote vilivyobaki."

Basi hilo ndilo lililokuwa shauri letu kuanzia siku ile: mguu ubaki au uende. Kila asubuhi niliweka beseni la maji ya uvuguvugu mlangoni kwake, nikarudi nyuma hatua mbili. Jioni hivyo hivyo. Nikimaliza kukamua ng'ombe nauliza kwa mbali, "Baba, umepaka?"

"Nimepaka, Mama."

Aliniita Mama tangu siku niliyoolewa, kwa sababu jina langu, Ndelilio, ndilo jina la mama yake mzazi. Watu wakidhani ni heshima tu ya kawaida anawasahihisha: huyu ni mama yangu kabisa, amerudi kuangalia kama nimekua.

Mwezi wa saba mwaka tisini na tano ukungu ulishuka ukakaa wiki mbili. Mnaoijua baridi ya juu kule mnajua inavyofanya: midomo inachanika, mikono inakwaruza khanga, ndevu za wanaume zinakatika. Siku ya kwanza jua lilipochungulia, kama saa nne asubuhi, mzee akatoa kiti barazani akavua soksi, akaweka miguu juu ya kigoda, akalala. Mimi nilikuja na ufagio. Nyayo zikanitazama.

Miaka saba sikuwahi kuona nyayo za mkwe wangu. Kisigino cha kulia kilikuwa na nyufa ambazo ungeweza kusimamisha shilingi ndani yake. Na chote kilikuwa cha buluu.

"Yesu wangu! Mguu umeoza!"

Akashtuka, kiti kikayumba. "Haujaoza! Unapiga kelele za nini? Ni mrututu."

Mrututu, kwa wasiolima kahawa, ni ile dawa ya buluu tunayopulizia mibuni. Ng'ombe akioza kwato tunamkanyagisha kwenye maji ya mrututu, kwato zinakauka, anapona. Mzee aliona ufa, akakumbuka kwato.

"Wiki ya tatu sasa," alisema, tena kwa kujivuna kidogo. "Unakausha vizuri sana. Ng'ombe wangu wote wamepona."

"Kwani wewe ni ng'ombe?"

Nilisikia sauti yangu imegonga bati ikarudi. Loo! Nilijua nimeshaharibu, na mtu akishaharibu anaendelea. "Umeambiwa ngozi imekosa maji, wewe unaikausha kwa dawa ya kahawa! Mafuta unapaka kichwani! Nani atakikata kipara? Wanataka kukata mguu, baba, mguu!"

Niliingia ndani nikachota maji, nikayajaribu kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga, nikachukua lile kopo dirishani na khanga kuukuu. Nikapiga magoti. Nikaushika mguu wa mkwe wangu.

Akajaribu kuuvuta. "Mama, unafanya nini?"

"Naosha."

"Watu wakiona watasema nini?"

"Waseme. Wana midomo."

Mguu ulikuwa mwepesi, mkavu kama ganda la mgomba. Nilikuwa nalia, na msidhani ni huruma, ilikuwa hasira tupu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Isack kule juu anawakaangia wageni mayai, nikajikasirikia mimi niliyeweka beseni mlangoni mwaka mzima na kurudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyetimiza wajibu. Aibu pia ilikuwepo. Uso ulikuwa unaniwaka. Sikumtazama na yeye hakunitazama, sote wawili tulikodolea mibuni kana kwamba tumeona nyoka kule. Buluu ikatoka pole pole kwenye maji. Ufa mmoja ndani ulikuwa mwekundu, na damu.

Nilimpeleka zahanati siku ile ile, wakamsafisha, wakamwambia aje kila siku kubadilisha bandeji. Sehemu isiyo na kidonda nikaichukua mimi. Asubuhi na jioni nilimkalisha barazani, mchana kweupe, maana nilisema kama ni kosa basi lisifanywe kwa kujificha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kugusagusa kwa khanga, halafu mafuta wakati ngozi bado ina unyevu. Soksi safi ya pamba. Mwanzoni hatukusemeshana. Wiki ya pili akauliza ng'ombe ametoa chupa ngapi. Wiki ya tatu akanisimulia jinsi mama yake, huyo Ndelilio wa kwanza, alivyokuwa anampaka samli akitoka kuoga mfongoni, kwenye mfereji wetu wa maji, anamsugua masikio mpaka yanauma, na jinsi alivyokuwa anakimbia. Alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka karibu hivyo.

Kingo za nyufa zikaanza kulainika. Ile ngozi ngumu ya kijivu ikatoka kidogo kidogo, chini yake ikaja nyingine, kahawia, yenye uhai. Wiki ya sita zahanati wakaacha kufunga bandeji. Niliporudi nyumbani niliimba jikoni peke yangu kama mwehu.

Lakini maneno yalikuwa yameshapata miguu. Eunike, mke wa baba mdogo Hosea, alipita njia ya mfongo akaniona nimepiga magoti na mguu wa mkwe uko mapajani mwangu. Mpaka jioni ukoo wote ulijua, na kila aliyepokea aliongeza chumvi yake. Hosea, mdogo wake mzee, akaita kikao Jumapili baada ya ibada. Isack alikuwa ameshuka mlimani jana yake, pua imebabuka na jua la theluji.

Walikaa barazani, watu wanane, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazungushwa. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya jikoni ninakosikia. Hosea hakuwa mtu mbaya, nataka mjue. Alikuwa mtu wa taratibu. Sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli.

"Kaka, sisi ni watu wenye heshima. Mkamwana anakushika mwilini, mchana, watu wanapita. Wazee walioweka mipaka hawakuwa wajinga. Mimi nauliza swali moja tu: anakushika kama nani?"

Mzee akainama, akavua kiatu cha kulia, akavua soksi, akanyoosha mguu katikati ya baraza, kisigino juu. "Tazameni," alisema. "Mwezi wa saba hapa palikuwa na nyufa nne, na moja ilifika kwenye nyama. Daktari alishasema atakata chini ya goti. Sasa sawa, heshima irudi. Kesho saa moja asubuhi anakuja nani? Hosea?"

"Mimi mgongo wangu, kaka, unajua…"

"Eunike?"

"Ebo! Mimi ni shemeji yako!"

"Isack?"

Isack alikuwa anatazama kata ya mbege. "Kesho napanda, baba."

Mzee akawapitia wote waliobaki, jina kwa jina, na kila mmoja alikuwa na mgongo wake. Kuku alikatiza barazani na hakuna aliyemfukuza.

"Basi mguu uoze kwa adabu," akasema. "Hosea, umeuliza ananishika kama nani. Ananishika kama mama. Siku mliponiletea huyu binti mlicheka, mkasema Ndelilio amerudi. Mkamwita Mama mbele yangu ninyi wenyewe. Leo amefanya kazi ya mama, mnakuja kuniuliza ni nani?"

"Lile ni jina tu, kaka," Hosea akasema pole pole. "Jina si mtu." Akasimama, akaiweka kata chini haijaguswa, akaondoka. Eunike akamfuata. Waliobaki walikunywa haraka haraka, wakakumbuka ng'ombe wao.

Mimi nilimgeukia mume wangu. Nilimwambia nisiyoweza kuyaandika hapa. Nilimwambia amekaa pale kama gunia la mahindi, baba yake anaomba mtu mmoja tu na yeye anatazama pombe. Isack akasubiri nimalize, na nilichukua muda. Kisha akaenda jikoni akabandika sufuria ya maji. "Nionyeshe," alisema. Nikamwonyesha. Vidole vyake vilikuwa vimeungua kwa majiko ya mlimani, vigumu kama kuni, na mzee akalalamika kwamba anapakwa msasa. Lakini tangu siku ile zile siku mbili za nyumbani zilikuwa za Isack, na sita zilikuwa zangu.

Hosea hakukanyaga ua wetu tena. Tulikutana kanisani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini na kupita. Mzee aliumia. Mdogo wake mmoja tu, tumbo moja, na kihamba chake kinapakana na chetu. Wakati mwingine nikimpaka alikuwa ananyamaza ghafla, na ninajua alikuwa anasikiliza kikohozi cha Hosea upande wa pili wa migomba. Mara mbili nilimwambia, "Baba, kama ni kwa ajili yangu, niache. Atafutwe mwanamume wa kulipwa." Mara zote mbili alinijibu niangalie kazi yangu, kuna sehemu nimeruka.

Miaka minne karibu. Nilizijua nyayo zile kuliko uso wangu. Nilijua pale mwiba ulipoingia akiwa kijana, nilijua mfupa uliotokeza chini ya kidole kidogo, nilijua kiangazi ngozi itataka mafuta mara tatu na masika mara mbili inatosha. Kule hospitali nesi Martha alimshika kisigino akakipapasa kwa kidole gumba, akaniangalia mimi wala si mzee. "Hongera," alisema.

Alifariki mwezi wa tatu mwaka tisini na tisa, mvua ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Moyo ulisimama. Alikuwa kitandani kwake, asubuhi, nikamkuta nilipopeleka beseni. Miguu yote miwili ilikuwa imetokeza kwenye blanketi, imefungana kama ya mtu anayepumzika.

Wanaume wakaja kumwosha. Isack, na ndugu yake Shedrack aliyefika kutoka Dar, na wazee wawili wa kanisa. Na Hosea. Aliingia uani bila kumtazama mtu, akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia ndani. Mlango ukafungwa. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za msiba, na nafasi yangu nilikuwa naijua: mkamwana haingii pale. Nilimenya. Sikulia. Nilikuwa nimekasirika tu, sijui nilimkasirikia nani, na kila ndizi niliikata kama imenitukana.

Mlango ukafunguliwa. Hosea akavuka ua kwenye mvua, akaja mpaka mlangoni mwa jiko, mahali ambapo mwanamume hasimami. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, na hayakuwa ya mvua yote. Mkononi alikuwa na kopo la mafuta.

"Tumemwosha," alisema. "Miguu hatujaipaka."

"Kwa nini?"

"Nimeishika, nikaona jinsi ilivyo laini," akasema. "Njoo wewe."

Eunike aliacha kumenya. Nikanawa utomvu wa ndizi, nikavuka ua, nikaingia, na wanaume wakasogea ukutani wakanipisha. Nilipiga magoti pale miguuni. Nilijua mafuta hayana kazi tena, hakuna maji ya kuzuia. Nikapaka vilevile, kisigino cha kulia, halafu cha kushoto, pole pole, nikalia kwa sauti kubwa mbele yao wote, na Hosea akainama kando yangu akanishikia kopo.